Chokoraa wa Malindi hahitaji tajiri wa kumwokoa

SWALI: "Kikundi chetu cha maigizo hapa Malindi kimeandika filamu ya dakika 40. Mhusika mkuu ni mvulana wa miaka 10 kutoka Ganze. Nyanya yake aliyemlea anafariki kwa homa, mtoto anakuja mjini kwa lori, analala sokoni, anavuta gundi, anapigwa na askari. Mwishoni Mwitaliano mwenye hoteli anamkuta akilia chini ya nguzo ya Vasco da Gama, anamchukua kwake na kumtia shuleni. Nusu ya wenzangu wanasema mwisho huu unatia moyo, nusu wanasema ni uwongo mtupu. Tena tumegawanyika: tuwatumie chokoraa wenyewe au watoto wetu wa shule? Wewe uliye kwenye kazi hii watwambiaje?" (Mwenyekiti wa kikundi, Malindi)

JIBU: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe usije ukachoka njiani. Mwondoeni Mwitaliano, mwongezeeni mtoto miaka, na watoto wa sokoni wawe walimu wenu, wasiwe waigizaji wenu. Sababu ni ndefu kidogo, na karibu zote zinahusu pesa: mtoto anaipataje, nani anamnyang'anya, na nyinyi mtampa nini.

Mswada mliouambatisha nimeusoma mwanzo hadi mwisho. Lugha yake ni tamu, na lile onyesho la kwanza, mtoto anaposhuka kwenye lori la makaa alfajiri asijue aende kulia au kushoto, ningeliacha kama lilivyo. Ila nimehesabu: mtoto analia mara tisa, na hakuna ukurasa hata mmoja anaoshika shilingi. Anakula nini? Mmeandika "anaokota chakula jaani," basi. Mtu hula jaani siku za mwanzo kwa kuwa hajaujua mji. Wiki ya pili keshajua ni kibanda gani humwaga ukoko wa pilau na saa ngapi, na ni mama gani atamwachia aoshe masufuria kwa mahamri mawili ya jana na mbaazi zilizobaki. Mtoto anayelala nje ni mfanyakazi, tena anayeamka mapema kuliko wengi wetu. Filamu isiyoijua kazi yake hubaki kumwonea huruma tu, na huruma ya dakika 40 inachosha. Mtazamaji atatoa simu yake mfukoni.

Chukueni chupa za plastiki. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 mpaka 100. Itazameni hesabu hiyo kwa macho ya mtoto. Gunia limejaa hadi mdomoni, limempita kimo, analiburura kutoka ufuoni mpaka kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, na likitundikwa kwenye mizani sindano inajivuta kidogo tu. Mnunuzi hasemi kitu. Anafungua gunia, anachagua chupa zilizofungwa vifuniko, anazitikisa moja moja karibu na sikio. Anasikiliza mchanga, kwa sababu mtoto amejifunza kutia mchanga chupa mbili tatu zilizo chini kabisa, na yeye naye amejifunza kutikisa. Akiipata yenye mchanga anaimwaga pale pale mbele ya watu, polepole, huku akimtazama. Hapo mna onyesho la dakika mbili lenye ujanja, kicheko na fedheha, na hakuna aliyetoa chozi. Bei msiibuni. Nendeni mkaulize kilo ni shilingi ngapi wiki hiyo mnayoandika. Na mtoto abebe gunia, asibebe ile mifuko ya plastiki ya zamani niliyoiona kwenye maelezo yenu. Ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na mtazamaji wa Malindi atacheka mahali msipotaka acheke.

Baada ya hapo ifuateni hiyo shilingi. Mtoto anayelala nje hana mfuko unaofika asubuhi. Akilala na pesa ataamka hana, ama kaibiwa, ama mkubwa wa kijiwe kamtoza "kodi" ya mahali pa kulala. Ndiyo maana huimaliza kabla ya usiku kuingia: chakula, sinema ya kibandani, mchezo wa kompyuta, gundi. Watu wazima humwona mharibifu. Kumbe anafanya hesabu sahihi kabisa, kwamba shilingi iliyo tumboni haiibiki. Akitaka kuweka akiba lazima amtafute mtu mzima wa kumwekea, pengine mama muuza chai au mlinzi wa duka, na swali la kama mtu huyo atairudisha linatosha kuendesha nusu ya filamu yenu.

Wale waliofanya kazi hii vizuri waliliona hilo. Mwaka 1988 Mira Nair alipotengeneza Salaam Bombay!, yeye na mwandishi wake Sooni Taraporevala walimpa mvulana wao deni. Mtoto amechoma pikipiki ya kaka yake, na mama yake amemwambia asirudi nyumbani bila rupia 500. Basi anabeba chai mitaani Bombay, na kila sarafu anayoipata au kuipoteza mtazamaji anaihesabu pamoja naye. Nabil Ayouch naye, katika Ali Zaoua ya mwaka 2000, aliwapa watoto wa Casablanca jambo la kufanya: mwenzao ameuawa kwa jiwe, alikuwa na ndoto ya kuwa baharia, nao wanataka azikwe kwa heshima inayomfaa. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo. Maiti haikai.

Mvulana wenu anataka nini? Nimetafuta, sikukiona. Anataka kuokolewa, na hilo ni jambo la kutendewa.

Niruhusu nipendekeze kitu, mkikitupa sitakasirika. Nyanya amezikwa Ganze, kaburi ni la udongo mtupu. Mtoto anataka kulitia simenti. Anahitaji mfuko mmoja, kilo 50, na nauli ya kuufikisha. Sasa ana lengo linalopimwa kwenye mizani ile ile ya chupa. Tena kule kwetu kaburi lililojengewa husema mengi kuhusu nani ana haki ya shamba, na hilo linafungua mlango wa kisa kizito kuliko homa. Mnajua nyinyi kuliko mimi yanayowapata wazee wa Ganze na Magarini wanaosingiziwa uchawi, wakafukuzwa au kuuawa, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa ardhi. Kama nyanya alikufa kwa njia hiyo, mjomba hatafurahi kuona kaburi linatiwa simenti. Mtoto naye hakukimbia njaa tu. Amekimbia nyumba ambayo watu wazima wanajua kitu na hawakisemi.

Naona mmeandika pembeni ya ukurasa, kwa kalamu, "Shakahola?" Hapana. Yaliyotokea kule, wafuasi wa mhubiri kufa kwa kufungishwa njaa na miili yao kufukuliwa mwaka 2023, yanahitaji filamu yake, na watoto waliotoka hai wanahitaji miaka kabla ya mtu yeyote kuwaigiza. Msiyatumie kama kiungo cha kukoleza mchuzi.

Jambo jingine linalokosekana ni msimu. Mtoto huyu hana muhula wa kwanza na wa pili; ana kaskazi na kusi. Kuanzia Novemba hivi mpaka Machi bahari ni shwari, mashua zinatoka, hoteli zina wageni hasa Desemba, chupa ziko kila mahali, na ufuoni kwa wavuvi karibu na gati kuna kazi: kusukuma mashua, kupaa samaki, kuwabebea mama karanga, wale wanawake wanaokaanga na kuuza samaki, ndoo zao. Mwisho wa siku unapewa kitoweo, au sarafu kadhaa. Kusi likiingia Aprili, na masika juu yake, mambo hugeuka. Wavuvi wengi wanakaa wakishona nyavu, hoteli nyingine hufunga, na gunia lililokuwa likijaa kwa siku moja sasa linachukua tatu. Paa la soko linavuja. Wakubwa wanachukua pahali pakavu.

Mkianza hadithi Februari na kuipeleka Mei, njaa itaingia bila mtu kuitangaza. Hapo ndipo gundi inapopata maana. Kwenu imeingia usiku wa pili kwa sababu ya "marafiki wabaya," kama somo la darasa la sita. Gundi ya viatu ina kemikali ya tolueni inayolevya, na watoto wenyewe watawaambia kwa nini wanaivuta: inaua njaa, inaondoa baridi, inaleta usingizi mahali ambapo usingizi hauji. Inaharibu ubongo, ndiyo, lakini mtoto wa Mei hafikirii ubongo wa mwakani. Mvueni kosa la tabia, mpeni mvua.

Kuna zawadi nyingine mnaipata kwa msimu. Tuseme keshanunua ule mfuko wa simenti, ameuficha nyuma ya kibanda cha mnunuzi akisubiri nauli. Masika yananyesha usiku kucha. Simenti ikinyeshewa hugeuka jiwe. Atafanya nini na jiwe la kilo 50? Sitawaambia, hiyo ni kazi yenu. Ila mkikaa na swali hilo jioni moja hamtamkumbuka tena yule Mwitaliano.

Naye tumseme. Najua alivyoingia mswadani. Waitaliano wako Malindi tangu miaka ya 1960, ulipoanza mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni, na mtoto wa Malindi hujua kusema "ciao" kabla hajajua kuandika jina lake. Ni watu wa mji, na wako waliosomesha watoto kwa moyo safi. Lakini mlivyoandika ni hivi: mwanamume mzima asiyemjua mtoto anamkuta peke yake jioni, anamwambia apande gari, anampeleka nyumbani kwake, anampa nguo, na, dada yangu, mna onyesho zima la kumwogesha. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF walitoa ripoti kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto katika utalii wa pwani, na Malindi ni mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa. Walikadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wameingizwa katika biashara hiyo, na wanunuzi hawakuwa wageni peke yao. Wenyeji nao walikuwemo, tena si wachache. Wavulana nao hudhuriwa, ila husemwa kidogo. Mama wa Malindi akilitazama onyesho lenu la wokovu, damu itamwenda mbio kwa sababu nyingine kabisa. Na mtoto atakayelitazama atajifunza kwamba mgeni mwenye gari zuri akikuita, panda.

Kumbadilisha awe tajiri Mswahili au mheshimiwa hakusaidii, kwani gari ni lile lile. Hata kisheria hadithi haisimami. Mtoto aliyekutwa bila mlezi hupitia kwa afisa wa watoto na mahakama, ndivyo Sheria ya Watoto ya 2022 inavyotaka, na Kenya ilisimamisha mambo ya wageni kuasili watoto na kuwapeleka nje tangu Novemba 2014. Kama mnataka mtu mzima mwema, na filamu inamhitaji, awe yule anayefanya wema mdogo unaomgharimu: mama karanga anayemkopesha ndoo, muuza chai anayemtunzia akiba na siku moja anaitumia kwa kuwa mwanawe ni mgonjwa, kisha anailipa kidogo kidogo akiona haya. Mtu wa namna hiyo anaaminika kwa sababu si malaika.

Wenzako wanaosema mwisho lazima utie moyo wana hoja, msiwadharau. Hofu hiyo ni ya zamani. Luis Buñuel alipotengeneza Los olvidados jijini Mexico mwaka 1950 alipiga miisho miwili, mmoja mgumu na mmoja wa kuwatuliza watu, ambamo mtoto anarudi salama. Alioutoa ni ule mgumu. Watu wa Mexico walikasirika, filamu ikaondolewa kwenye kumbi baada ya siku chache tu. Mwaka uliofuata ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora Cannes, na mwaka 2003 UNESCO ikaitia katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ule mwisho laini ulikutwa baadaye kwenye hifadhi, na leo ni kitu cha kutazamwa na wasomi tu.

Sisemi mwueni mtoto. Kumwua ni njia ya mkato vilevile, sawa na kumpa tajiri. Njia zote mbili humtoa mwandishi kwenye tabu ya kufikiri kesho yake. Ninachowashauri ni kuichukua ile safari ya kurudi nyumbani, ambayo waandishi wengi huiweka mwisho, muiweke katikati. Mtoto anakamatwa kwenye msako, anafikishwa kwa afisa wa watoto, anarudishwa Ganze kwa matatu akiwa na shati jipya. Shangazi anampokea kwa vifijo mbele ya afisa. Gari likiondoka anamwuliza, "Umetuletea nini?" Baada ya majuma machache yuko tena sokoni. Watu wanaowafanyia kazi watoto hawa watawaambia kwamba hilo ndilo linalowavunja moyo zaidi: mtoto anarudishwa, lakini lililomtoa nyumbani liko pale pale linamsubiri. Mkiliweka katikati, dakika 20 za mwisho zitakuwa za mtoto anayejua kwamba nyumbani si jibu rahisi, na chochote atakachochagua kitakuwa na uzito.

Sasa nani aigize. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Filamu za aina hii zimezoea kuwatumia watoto wa mitaani wenyewe, na nyuso zao kweli hazina mfano. Lakini tazameni yaliyofuata. Fernando Ramos da Silva aliigiza Pixote, filamu ya Brazil ya mwongozaji Hector Babenco mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dunia nzima ilimshangilia. Umaarufu ulipokwisha alirudi kwenye umaskini ule ule nje ya São Paulo, na Agosti 1987 polisi walimpiga risasi akafa, ana miaka 19. Shafiq Syed aliyekuwa mvulana wa chai wa Salaam Bombay! alipewa tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji mtoto, na baadaye akawa dereva wa tuktuk Bangalore. Kuendesha tuktuk ni kazi ya halali, nusu ya wasomaji wa Malindi wana ndugu anayeiendesha, lakini alishaambiwa yeye ni nyota, na kushuka kutoka nyota si sawa na kuanza chini. Zain Al Rafeea, mkimbizi Msyria aliyeigiza Capernaum ya Nadine Labaki, Beirut, mwaka 2018, mambo yalimwendea vizuri: familia yake ilipata makazi Norway kupitia shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Tofauti yao haikuwa kipaji. Zain alikuwa na mlango wa kutokea. Mira Nair naye alianzisha Salaam Baalak Trust mwaka ule ule wa filamu, na mpaka leo shirika hilo linahudumia watoto wa mitaani India, kwa hiyo hakuwaacha hivi hivi. Na bado njia ya Shafiq haikuwa laini. Nyinyi hamna Norway ya kumpeleka mtu.

Kuna jambo la pili, na hili ni la Malindi hasa. Bombay ni jiji la mamilioni. Mtoto anaweza kuigiza leo na kesho asijulikane na mtu. Malindi kila mtu ni mtoto wa fulani. Filamu yenu itaingia YouTube, kutoka huko itakatwa vipande vya WhatsApp, na mvulana aliyeonekana na chupa ya gundi puani ataitwa kwa jina hilo kila duka atakalokwenda kuomba kazi, hata kama aliiacha miaka mitano nyuma. Akibahatika kurudi shule, filamu itamfuata darasani. Atakuwa hawezi kuifuta, na ridhaa aliyotoa ilikuwa ya mtu aliyeahidiwa chakula cha mchana.

Kwa hiyo wahusika wakuu wawe watoto wenye nyumba na wazazi watakaokaa pembeni ya kamera. Wa sokoni waiteni kabla, wakiwa na mtu wanayemwamini kutoka kituo au kanisa au msikiti unaowahudumia, muwasomee mswada, waurekebishe. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, lipeni kama mnavyomlipa mtaalamu. Watawaambia kwamba hakuna anayelala kifudifudi, kwamba ndara huwekwa chini ya kichwa zisiibiwe, kwamba huketi na mgongo ukutani, kwamba wanapogombana wenyewe kwa wenyewe wanaruka kwenye Kigiriama na kwa mnunuzi wanarudi Kiswahili. Wanaopenda wafundisheni kushika kipaza sauti au ubao wa kuhesabia maonyesho; mtoto aliyekaa nyuma ya kamera ameondoka na ujuzi, na uso wake haujauzwa.

Utaniambia watoto wa shule watakuwa wasafi mno. Usafi hautoki kwa kuwapaka masizi. Wapelekeni wakabebe gunia la chupa kweli, wasukume mkokoteni kutoka sokoni mpaka stendi asubuhi mbili tatu, mama karanga awafundishe kupaa samaki. Mikono itajua. Na gundi isiwe gundi hata kwa sekunde moja: uji mzito wa ngano uliotiwa manjano kidogo, ndani ya chupa iliyooshwa, kwenye kamera hauna tofauti.

Umri. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 hupewa kazi nyepesi tu isiyomharibia afya wala masomo. Mhusika wenu ana miaka 10. Mfanyeni awe na 12 hadithini, kisha mtafute mwigizaji wa miaka 13 au 14 mwenye umbo dogo; wako tele. Barua ya ridhaa ya mzazi iwe kwa Kiswahili, na nendeni mkamwone afisa wa watoto wa Malindi kabla ya siku ya kwanza ya kamera, sio baada ya mtu kulalamika. Pigeni filamu wakati wa likizo. Maonyesho ya usiku mmeandika sita; mkipata mawili yanatosha, mengine yafanyeni magharibi. Na chakula kiliwe kabla ya kazi. Nimeona vikundi vikimnyima mtoto chakula ili "aonekane ana njaa," na huo ni ukatili, tena ni uvivu wa mwongozaji.

Malipo ya watoto wa sokoni msiyatoe taslimu jioni kisha mkapanda tuktuk kurudi nyumbani. Rudini pale nilipoanza: huyo mtoto hana mfuko unaofika asubuhi, na wakubwa wanajua nyinyi mlikuwa na kamera. Wekeni kwa yule mtu wanayemwamini, mbele yao, kiasi kikisemwa kwa sauti, wachukue kwa vipande mchana. Mkikutana na mtoto aliye hatarini wakati wa utafiti wenu, simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo.

Mengine ni mepesi. Leseni ya kupiga filamu inatolewa chini ya Sheria ya Filamu na Maigizo, Sura 222, na kabla ya kuonyesha hadharani Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya lazima iitazame na kuipa daraja. Kwa kisa chenye gundi na kipigo, msishangae mkipewa la miaka 16. Nguzo ya Vasco da Gama iacheni. Iko chini ya makavazi, inataka kibali chake, na kila video ya arusi Malindi ina nguzo hiyo.

Sauti ndiyo itakayowaua msipojihadhari. Upepo wa kusi ufuoni hula maneno yote, na kipaza sauti cha kamera hakisikii kingine. Nunueni au azimeni kipaza sauti chenye kinga ya manyoya, na maneno ya ufuoni yarekodiwe tena pale pale mara kamera inapozimwa, waigizaji wakiwa bado na pumzi ya kazi. Kama pesa zinatosha kitu kimoja tu, kati ya kamera bora na mtu wa sauti, mchukueni mtu wa sauti.

Andikeni upya kuanzia onyesho la mizani, mniletee rasimu hiyo kabla hamjatafuta waigizaji, na safari hii pembeni ya kila ukurasa mwandike mtoto ana shilingi ngapi.